Mbwa mchangamfu: akutane na familia kituoni au alelewe kwanza nyumbani?

Mbwa mwenye nguvu nyingi aliye katika kituo cha mbwa wasio na makao anatafutiwa familia ya kumchukua: akutane nayo hapo hapo, au akae kwanza nyumbani kwa mlezi wa muda? Kukutana kituoni ni haraka na gharama yake ndogo. Tatizo ni kwamba bandani mbwa huyu hubweka, huzunguka na kurukia wavu. Wageni humwona mkorofi, kumbe hajakimbia tangu asubuhi. Mtoeni kwanza uwanjani, arushiwe mpira, anuse nyasi, ndipo wamwone.

Kumlea nyumbani kwa muda kunahitaji chakula, usafiri na mlezi mwenye subira, na walezi ni wachache. Lakini hapo ndipo tabia hujulikana. Akiachwa peke yake hutafuna viatu? Huwaangusha watoto? Baada ya matembezi hutulia? Kwa habari za kuaminika, njia hii inashinda wazi.

Familia iliyozoea kukimbia na mbwa inaweza kuamua kituoni. Yenye watoto wadogo au paka, naisihi isubiri taarifa ya mlezi.