TAHADHARI: Raspberry Pi 4 "GB 8" zinazotangazwa kutoka Kariakoo na kutumwa mikoani ni bodi za GB 1

Wakuu, habari za wakati huu. Nawaandikia hasa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta bodi za mradi, walimu wanaofunga seva za shule, na yeyote anayepanga kununua Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa mtu aliyemwona mtandaoni. Kuna muuzaji anajitangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya vifaa vya elektroniki. Anasema yuko Kariakoo, na anauza Raspberry Pi 4 yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, "mpya, boksi halijafunguliwa". Zinazowafikia watu ni bodi za GB 1. Nimezishika mwenyewe kwenye meza yangu ya ufundi, zimeletwa na watu wasiojuana, wengine kutoka mikoani kabisa, na mchezo ni ule ule.

Jina la akaunti siliweki hapa kwa sababu halitawasaidia: ameshalibadilisha, na atalibadilisha tena. Namba ya kupokelea pesa nayo haikai, na jina linalotokea unapolipa halifanani na la kwenye tangazo. Asichoweza kukibadilisha ni bodi yenyewe. Ndiyo maana nataka kila mtu ajue kuisoma bodi kabla hajatoa hela.

Kinachowanasa watu ni kwamba bodi anayotuma ni halisi. Raspberry Pi 4 Model B ilitoka Juni 2019 ikiwa na chaguo tatu: GB 1 kwa dola 35, GB 2 kwa dola 45 na GB 4 kwa dola 55. Ya GB 8 ikafuata Mei 2020 kwa dola 75. Zote zina prosesa moja, BCM2711, zote zina matundu yale yale na pini 40 zile zile, na maandishi yaliyochapwa kwenye bodi ni "Raspberry Pi 4 Model B" bila kutaja RAM. Ukiziweka mezani mbili, ya GB 1 na ya GB 8, mtu wa kawaida hazitofautishi. Kinachoonyesha ukubwa wa RAM kwa macho ni chipu moja nyeusi ya RAM iliyolehemewa karibu na prosesa, yenye vijiandishi vidogo vya kiwandani ambavyo lazima uwe na orodha ndipo uvielewe. Jamaa anachukua ile ya bei ya chini, anaiingiza kwenye boksi la GB 8 au anabandika stika juu ya boksi la zamani, analifunga upya, basi. Tofauti ya bei inabaki mfukoni mwake.

Halafu kuna la kadi, na hapa naomba msome polepole. Anakupa "zawadi" ya kadi ya memori ambayo mfumo umeshawekwa tayari, eti usihangaike. Mwanafunzi mmoja alikuja kwangu akisisitiza bodi yake ni ya GB 8 kwa sababu akiandika amri ya free -h, ile ya kuonyesha ukubwa wa RAM, inamwonyesha GB 7.6. Lakini akifungua kivinjari na programu yake ya kutambua picha za kamera, bodi inaganda. Nilipoangalia ndani ya kadi nikakuta amri ya free imeondolewa na kuwekwa faili dogo linaloandika tarakimu zile zile kila mara, hata kama hakuna kinachofanya kazi. Nilipofungua /proc/meminfo, ambako ndiko kiini cha mfumo kinakoandika hesabu yake, jumla ya RAM haikufika hata kB milioni moja, yaani haizidi GB 1. Huyo si muuzaji aliyekosea boksi. Ni mtu aliyekaa chini akapanga.

Kwa hiyo msipime bodi yoyote kwa kadi ya muuzaji. Anza bila kadi kabisa. Raspberry Pi 4 ina programu yake ya kuwashia iliyohifadhiwa kwenye chipu ndogo juu ya bodi, haihitaji kadi. Chomeka waya wa HDMI kwenye tundu lililo karibu zaidi na tundu la umeme, washa, subiri sekunde chache. Skrini itaonyesha ukurasa wa maandishi. Tafuta mstari unaoanza na neno board. Mbele yake kuna msimbo wa alama sita, herufi na tarakimu, kwa mfano c03112 au d03114. Herufi ya kwanza ndiyo ukubwa wa RAM: a ni GB 1, b ni GB 2, c ni GB 4, d ni GB 8. Alama ya tatu, yaani 3, ni prosesa BCM2711. Zile 11 zinazofuata maana yake ni Pi 4 Model B, na ya mwisho ni toleo la bodi. Mtu akikuuzia GB 8 na skrini ikaandika a03111, mazungumzo yameishia hapo. Bodi zote alizouza huyu bwana zilizopita mikononi mwangu zilianza na a.

Bodi za mwanzo ambazo programu hiyo ya kuwashia haijawahi kusasishwa huenda zisionyeshe ukurasa huo. Hapo chukua kadi yako mwenyewe, iandike kwa programu ya Raspberry Pi Imager kwenye kompyuta unayoiamini, washa bodi, kisha andika cat /proc/cpuinfo na usome mstari wa Revision karibu na mwisho. Msimbo ni ule ule. Uliwekwa kiwandani ndani ya chipu, stika haiufikii.

Ukimbana, ana majibu matatu, na yote nimeyasikia kwa masikio yangu kwenye sauti alizowatumia wateja. La kwanza, eti sehemu ya RAM imechukuliwa na upande wa picha. Upande wa picha kwenye Pi 4 hutengewa MB 76 kama hujagusa mipangilio, hauwezi kumeza GB 7. La pili, eti umeweka mfumo wa biti 32 ndiyo maana haioni RAM yote. Si kweli. Raspberry Pi walipotoa bodi ya GB 8 mfumo wao rasmi ulikuwa bado wa biti 32, na bodi iliitumia RAM yote. Kikomo kilichokuwepo ni kwamba programu moja pekee haiwezi kuvuka GB 3. La tatu ndilo baya kuliko yote: "tuma elfu hamsini nikuongezee RAM". Wakuu, RAM ya bodi hii haichomekwi kama ya laptopu. Imelehemewa kwa vitone vidogo vilivyofichika chini ya chipu, na hakuna nafasi ya kuongeza nyingine. Mtu akikuahidi kukuongezea, anakula mara ya pili.

Kwa watu wa mikoani amefanya jambo la wazi zaidi: anatuma Raspberry Pi 3 akidai ni 4. Hii hata picha inatosha kuikataa. Pi 4 ina matundu mawili madogo ya HDMI, umeme wake unaingia kwa USB-C, USB mbili kati ya nne ni za rangi ya buluu, na tundu la waya wa mtandao liko kwenye kona ya upande wa pini. Pi 3 ina HDMI moja kubwa, umeme unaingia kwa tundu la zamani la micro-USB, USB zote nyeusi, na tundu la mtandao liko upande wa pili, ule wa tundu la spika za masikioni. RAM ya Pi 3 Model B na B+ iko mgongoni mwa bodi, na zote ni GB 1. Mwombe picha za pande zote mbili. Akikutumia picha ya boksi tu, achana naye.

Kwa Pi 5, iliyotoka 2023, watengenezaji wameturahisishia. Juu ya bodi zimechapwa alama za 1G, 2G, 4G na 8G, na resista ndogo imelehemewa kwenye ukubwa husika. Tundu la spika za masikioni halipo kabisa na kuna kitufe cha kuwashia.

Sasa adapta ya umeme. Muuzaji huyu anaitoa pamoja na bodi, imeandikwa 5V 3A, nyepesi mkononi, waya mwembamba. Pi 4 inataka volti 5 na uwezo wa ampea 3, na adapta rasmi hutoa volti 5.1 ili kufidia upotevu wa kwenye waya. Volti zikishuka chini ya 4.63 hivi, bodi inaonya: taa nyekundu inazimika na kuwaka, alama ya radi inatokea kwenye skrini, na prosesa inajipunguzia kasi. Andika vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme uko salama. Ikijibu 0x50005 au kitu kingine chochote, kuna tatizo. Adapta zake nilizopima zilishuka pale tu nilipochomeka kamera. Umeme ukipungua wakati kadi inaandikwa, mafaili yanaharibika, bodi inakataa kuwaka, na yeye anapata neno lake: "umeiunguza mwenyewe, hakuna kurudisha". Adapta mbovu inamlinda. Mteja anaanza kujilaumu na kusahau kuuliza habari za RAM.

Kadi yenyewe imeandikwa GB 128. Kadi bandia hutengenezwa kwa kuibadilisha programu ya kidhibiti kilicho ndani yake ili iiambie kompyuta kwamba nafasi ni kubwa kuliko ilivyo. Mfumo unaingia vizuri, unafanya kazi vizuri, na kila kitu kinaonekana sawa hadi siku data zinapovuka ukubwa wa kweli. Hapo mafaili mapya yanapotea au yanaandikwa juu ya yale ya zamani. Fikirieni mwalimu aliyeweka Kolibri ili wanafunzi wasome masomo bila intaneti, amepakua video kwa bando lake mwenyewe, halafu nusu ya video hazifunguki. Huyo mwalimu yupo, na kadi yake ilikuwa na GB 8 za kweli. Pimeni kila kadi kwa F3 kama mnatumia Linux, au H2testw kwa Windows. Programu hizi zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kila kilichoandikwa. Inachukua muda mrefu, na kadi ikiwa bandia kilichomo kinaweza kuharibika, kwa hiyo fanyeni kadi ikiwa tupu.

Kama unaweza kuonana na muuzaji ana kwa ana, beba pia mita ya fundi. Bodi ikiwa imewashwa, gusa pini ya 1 na pini ya 6 ambayo ni ya ardhi: lazima usome volti 3.3. Kati ya pini ya 2 na ya 6 usome 5. Pini za ishara za bodi hii ni za volti 3.3 na haziwezi kustahimili 5, kwa hiyo bodi zilizorudishwa na wanafunzi waliochomeka vibaya ni nyingi sokoni. Shika ncha za mita kwa utulivu, ukiunganisha 5 na 3.3 unaua bodi ya watu.

Nisieleweke vibaya kuhusu wauzaji wengine. Kariakoo kuna watu waaminifu wanaokuachia upime dukani hadi uridhike, na bei zao si za juu sana. Orange Pi na Banana Pi nazo si bandia, ni bodi za kampuni nyingine zenye muundo wao. Kosa ni kuziuza kwa jina la Raspberry. Na ukiona bodi yako ya Pi 4 imechapwa mwaka 2018 usiogope, bodi halisi ndivyo zilivyochapwa ingawa zilitoka 2019. Vilevile bodi za mwanzo zilikuwa na kasoro ya kiwandani kwenye tundu la USB-C: pini mbili zilichangia resista moja badala ya kila moja kuwa na yake, hivyo nyaya fulani za bei ghali zenye chipu ndani hazikuweza kuiwasha. Kwa waya wa kawaida inawaka. Hiyo ilirekebishwa kwenye matoleo ya baadaye, na si utapeli wa muuzaji.

Kama uko mbali na huna wa kumtuma, mwombe muuzaji akupigie simu ya video, atoe kadi mbele ya kamera, awashe bodi, na usome ule msimbo wewe mwenyewe pamoja na namba ya bodi iliyo kando yake kwenye mstari huo huo. Uiandike. Mzigo ukifika, washa bila kadi ulinganishe. Tovuti ya Raspberry Pi pia ina orodha ya wauzaji walioidhinishwa katika nchi mbalimbali, anzia huko kabla ya Instagram.

Kwa mliokwisha kulipa: tunzeni ujumbe wa muamala, picha za mazungumzo, boksi na stika yake, na pigeni picha ukurasa ule wa kuwashia ukionyesha msimbo. Namba iliyowatapeli itumeni kwenda 15040 ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), pigeni huduma kwa wateja ya mtandao wenu siku hiyo hiyo, kisha nendeni polisi na ushahidi wenu mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu. Tume ya Ushindani, FCC, nayo inapokea malalamiko ya bidhaa zilizouzwa kwa maelezo ya uongo. Bodi msiitupe wala kuiuza kwa mwingine kama GB 8. Ya GB 1 inaendesha vihisi, seva ndogo na Pi-hole (programu ya kuzuia matangazo) bila shida. Na kama una bodi ya huyu bwana na msimbo umekuchanganya, niandikie zile herufi sita tu, nitakusomea.