Darasa la mahusiano la wadada pale Area C, nendeni

Wadada wa Dodoma mnaouliza kila siku kama hili darasa la Jumamosi linafaa, mimi nimehudhuria na nawaambia nendeni. Ni elfu thelathini kikao kimoja, mnakaa wachache, na mama anayefundisha ni mtu mzima aliyestaafu ustawi wa jamii, ndoa za watu kazishughulikia miaka na miaka kwahiyo haongei vitu vya kuokota mtandaoni.

Nilichompendea hafundishi kumshika mwanaume. Tumezoea kichen pati, somo anakaa mbele anakwambia vumilia, mpikie, usimjibu, simu yake usiguse, basi umefundwa. Huyu anaanza na wewe unatendewaje. Ukisema tu "ananipenda ila" anakusimamisha hapohapo kwenye ila, anataka aisikie yote.

Halafu anaijua Dodoma yetu hii. Tangu 2016 serikali ilipoanza kuhamia huku mji umejaa watumishi ambao familia zao zimebaki Dar, mtu anakaa Kisasa au Ilazo peke yake, Ijumaa jioni anapanda treni ya SGR kwenda kwao Jumapili usiku karudi, wewe umeambiwa mama yake anaumwa. Mama anayetufundisha hasemi wote waongo, hapana, anasema uliza mapema kabla moyo haujazama, kwake unapajua? Ukimpigia Jumamosi usiku anapokea? Kuna ndugu yake hata mmoja anayekujua kwa jina? Mwenye nia hakasiriki kuulizwa, na hakosi mshenga wa kumtuma kwenu.

Kwenye sheria ndo ukumbi ulikaa kimya. Wengi tunaamini ukiishi na mwanaume miaka miwili ushakuwa mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema mkikaa miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mke na mume inachukuliwa mna ndoa, ila inaweza kupingwa mahakamani, na kama jamaa ana ndoa yake ya kanisani huko Dar hawezi kufunga nyingine wakati ile bado ipo, sasa wewe uliyemuoshea nguo muda wote huo unasimamia wapi? Dada mmoja alilia na wala hakuna aliyemshangaa. Kifungu cha 66 nacho tukasomewa, hakuna mwanandoa mwenye ruhusa ya kumpiga mwenzake, ukipigwa nenda polisi dawati la jinsia usisubiri kikao cha ukoo. Kupima VVU wote wawili kabla ya lolote pia alisema, kwa ufupi tu.

Tulipopishana ni kwenye hela, yeye anaamini mwanaume anayekupenda akuhudumie kila kitu, mi naona ukila kodi, vocha na saluni kwa mtu mmoja siku akianza kukutukana huna pa kwenda, binti awe na chake hata kama ni genge la mbogamboga.

Warekebishe na grupu lao la WhatsApp, stori za ndani za watu zinajadiliwa mle na wasiokuwepo kikaoni, hiyo siyo sawa kabisa, mtu kaja kutafuta msaada na siri yake.

Wanafunzi wa chuo kikuu cha UDOM mkionyesha kitambulisho mnalipa nusu. Wanaanza saa nane ila wahini, maswali yanakuwa mengi na muda wa kuongea naye peke yako wanapewa waliofika kwanza.