Kipimo cha kukwangua kidonda cha jicho: uzoefu wangu

Kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa niliyotibiwa naipa alama za juu kwa jambo moja: hawaandiki dawa kabla ya kujua jichoni kuna nini. Jicho likiuma, likiogopa mwanga na kuona ukungu, huenda kuna kidonda kwenye konea (utando angavu wa mbele ya jicho), na kwa macho matupu kidonda cha bakteria na cha fangasi vinaweza kufanana kabisa.

Nenda na chupa zote ulizokwisha tumia. Daktari anatafuta hasa deksamethasoni au steroidi nyingine (dawa ya kutuliza wekundu na uvimbe), ambayo huchanganywa na antibiotiki kwenye matone mengi ya dukani. Wekundu unapungua, mgonjwa anafurahi, kumbe fangasi au virusi vya hepesi vinazidi kula konea. Sema pia kama uliguswa na jani, unavaa lenzi, au ulitia dawa ya kienyeji.

Kabla ya ganzi anagusa konea kwa unyuzi wa pamba, maana hepesi hupunguza hisia. Kisha rangi ya fluoresini na mwanga wa buluu: kidonda kinang'aa kijani, na kikiwa na matawi kama ya mti, hepesi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ndipo yanakuja matone ya ganzi na kukwangua kwa ncha ya sindano, ukingoni na chini ya kidonda. Usaha wa juu hautoshi, na hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Hakuna maumivu, ila ganzi ikiisha jicho linachoma.

Kilichokwanguliwa huwekwa kwenye vioo vya maabara: kimoja hupakwa rangi ya Gramu ili bakteria waonekane, kingine hutiwa kemikali ya KOH ili nyuzi za fangasi zionekane. Majibu hayo hupatikana siku hiyohiyo. Majibu ya kuotesha vijidudu maabara huchukua siku kadhaa kwa bakteria, na hata wiki mbili kwa fangasi. Yafuatilie mwenyewe, kwa sababu pale nilipotibiwa hakuna anayekupigia simu. Hiyo ndiyo kasoro yao kubwa.

Ikiwa ni fangasi wa nyuzi, utaandikiwa natamisini 5%, matone ya kuua fangasi. Tikisa chupa vizuri, dawa hutuama chini. Mwanzoni ni tone moja kila saa, usiku na mchana. Utando mweupe unaobaki jichoni ni dawa yenyewe, si usaha. Si kila duka linayo, hivyo ulizia hapohapo kliniki kabla hujaondoka.