Dawa ya kupuliza puani kwa wenye aleji: ipi ununue, ipi uiache

Kuna siku niliingia famasi moja Kariakoo, pua imeziba pande zote, macho mekundu kama nimetoka msibani. "Dada, naomba dawa ya kupuliza puani." Akanipa. Nikapuliza pale pale nje, na baada ya dakika chache nikaanza kusikia harufu ya mihogo ya kukaanga ng'ambo ya barabara. Nikaona nimepona. Nikaitumia wiki tatu, mpaka ikawa bila kupuliza sipati usingizi.

Kumbe haikuwa steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe ambayo mwenye aleji ndiyo anapaswa kuitafuta. Ilikuwa xylometazoline, inayofungua pua kwa kubana mishipa ya damu. Ukiizoesha pua zaidi ya siku tano hivi, inaanza kuidai: dawa ikiisha nguvu, inaziba kuliko mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, geuza boksi usome jina lililoandikwa kwa herufi ndogo. Likiishia na "zoline", rudisha. Majina hapa chini nimeyaacha kama yalivyo kwenye boksi ili usipotee.

Steroidi yenyewe haifungui pua papo hapo. Inatuliza uvimbe taratibu. Nafuu huanza ndani ya saa kadhaa au siku moja mbili, na nguvu yake kamili unaweza kuisubiri hadi wiki mbili. Wengi wanaitupa siku ya tatu wakidai wameuziwa feki. Na kwa joto na unyevu wa Dar, wale wadudu wa vumbi wasioonekana wanastawi kwenye godoro lako mwaka mzima, kwa hiyo nunua ile utakayoweza kuimudu mwezi hadi mwezi.

Ya kwanza kwangu ni fluticasone furoate, inayojulikana kwa jina la Avamys. Inatoa ukungu mwembamba usio na harufu, unapuliza mara moja tu kwa siku, na macho yanayowasha na kutoa machozi nayo hupata nafuu ingawa dawa imeingia puani. Ubaya wake ni mfuko.

Ya pili ni mometasone (Nasonex na ndugu zake wa bei nafuu). Kwa pua sioni tofauti ya kugombania na ile ya kwanza. Haina harufu kali, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, chini ya asilimia 1. Hilo ni jibu kwa wanaoogopa kuvimba uso kwa kusikia tu neno steroidi.

Ya tatu, fluticasone propionate. Hii ndiyo naipendekeza kwa mwenye hela ya kuhesabu, na macho inayasaidia pia. Ina harufu kama ya marashi ya waridi. Wengine wanaipenda, mimi inanikera, hasa ikishuka kooni. Hesabu yake ni hii: chupa ya mipulizo 120, mtu mzima anaanza na miwili kila tundu kwa siku, yaani siku 30. Ukishatulia unashuka hadi mmoja kila tundu, chupa inakwenda miezi miwili.

Budesonide ni nzuri, na mjamzito akiuliza daktari mara nyingi ndiyo atakayotajiwa, maana imetumika kwa wajawazito kwa muda mrefu. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Ya mwisho ni beclometasone, ya zamani, kwa kawaida mara mbili kwa siku, na inaingia mwilini zaidi ya wenzake. Lakini kuna watu ambao kwao inapanda kuwa ya kwanza kwenye orodha: wanaotumia ARV zenye ritonavir. Ritonavir inalizuia ini lisiivunje fluticasone, steroidi inajaa mwilini, na hapo ndipo uso unavimba kweli. Budesonide na mometasone nazo si za kujinunulia ukiwa kwenye dawa hizo. Kama unahudhuria CTC (kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU), nenda na boksi ukawaonyeshe kabla ya kupuliza tone.

Namna ya kupuliza inaharibu dawa nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Chupa mpya itikise, puliza hewani mpaka ukungu utoke sawasawa. Inamisha kichwa mbele kidogo. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio. Ukielekeza katikati unachubua ule ukuta wa pua, na damu itaanza kutoka. Halafu vuta hewa polepole. Ukiivuta kama ugoro, umeimeza.

Mtoto asipewe kwa kukisia. Umri unaoruhusiwa unatofautiana dawa kwa dawa, na akitumia muda mrefu daktari huwa anamfuatilia urefu.

Wiki mbili zikipita pua iko sawa ila macho bado yanawasha, usibadilishe chupa ya pua. Ulizia matone ya macho ya aleji, kwa mfano olopatadine. Ukipewa yenye dexamethasone bila macho yako kupimwa, yaache hapo hapo kaunta: hiyo nayo ni steroidi, na ikitumika kiholela inaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kuhisi chochote.