Kopa, shupaza, pau, uru: karata za taroti kwenye chumba cha ushauri nasaha

Bidhaa ninayoitolea maoni ni pakiti ya karata za taroti, ambazo wengi huzijua kwa uaguzi, zenye picha za Pamela Colman Smith, zile zilizotolewa London mwaka 1909 na kampuni ya Rider kwa maelekezo ya A. E. Waite. Ndani mna karata 78, kila moja kiasi cha sentimita 7 kwa 12, na kijitabu cha maana. Nazitumia Unguja, kwenye tiba ya mazungumzo na watu wazima, kwa kazi moja: kumpa mtu kitu cha kukitazama pale maneno yanapomkwama. Anayetaka kujua mume atarudi lini, au nani kamroga, pakiti hii haitamsaidia, na mimi pia sitamsaidia.

Kuna jambo kijitabu hakilisemi, na kwetu ndilo la kwanza. Mafungu manne ya taroti ni vikombe, panga, fimbo na sarafu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani akacheza karata anayajua kwa majina ya Kireno tuliyoyafanya yetu: kopa ni vikombe, shupaza ni panga, pau ni fimbo, uru ni dhahabu. Na zile karata kubwa zenye picha kama Mwezi na Jua zilikuwa turufu kwenye mchezo wa Italia ya kaskazini karne ya 15. Neno letu turufu lina asili moja na jina walilozipa Waitalia. Nyuma yake zaidi, karata ziliingia Ulaya kutoka Misri ya Wamamluki, nazo zilikuwa na vikombe, sarafu, panga na magongo ya kuchezea polo. Kuzitumia kwa uaguzi kulikuja kuenea Ufaransa karne ya 18. Kwa hiyo mteja anapoingiwa na woga akiona pakiti mezani, maelezo ya kweli na mafupi ni haya: ni karata za kuchezea, kopa na shupaza, ila hizi zimechorwa watu.

Woga wenyewe una msingi, usiuchekee. Kwetu kupiga ramli ni jambo linalojulikana, na Mwislamu anayeshika dini anaijua hadithi ya sala kutokubaliwa siku arubaini kwa aliyemwendea mpiga ramli kumuuliza. Ridhaa iombwe kabla pakiti haijatoka kwenye mkoba, tena si kikao cha kwanza. Mimi husema hivi: hatutachanganya, hatutachomoa bila kuona, hatutauliza kesho, na karata haitasema kitu. Wewe ndiye utakayesema. Akijibu "moyo wangu hautaki", mjadala umekwisha, na wala usimwombe sababu.

Sasa pakiti yenyewe. Ukiifungua na kuitumia yote kama ilivyo, Zanzibar itakuharibia kazi. Mimi natoa karata 36 na kubaki na 42. Zinazotoka kwanza ni wafalme, malkia, mashujaa wa farasi na vijana wao, jumla 16: wamekaa kama picha ya pasipoti, hakuna kinachotokea, mteja hana pa kuingilia. Mikono minne inayotoka mawinguni, yaani karata namba moja ya kila fungu, nayo itoke kwa sababu hiyohiyo. Halafu kuna uchi: Wapenzi, Shetani, Nyota, Jua, Hukumu na Dunia. Hukumu ina tatizo la pili, maana malaika anapuliza baragumu na watu wanatoka makaburini. Mteja atamwona Israfili na kikao kitageuka darsa. Natoa pia Papa, Gurudumu na Kiasi (viumbe wenye mbawa na mambo ya kanisani), Mauti, Mnara unaopigwa na radi, kumi ya panga yenye mtu aliyechomwa mgongoni, na tatu ya panga yenye moyo uliotobolewa. Mwisho nne ya panga, tatu ya sarafu na tano ya sarafu, zote zikiwa na kanisa ndani yake; hiyo ya tano ina theluji pia, na dakika tano zitapotea kwa kuulizana ni majivu au ni sufi.

Karata ya Shetani naitoa kwa shingo upande. Watu wawili wana minyororo shingoni, na minyororo imelegea kiasi kwamba wangeweza kuivua wenyewe. Kwa mtu aliyekwama kwenye jambo analosema hana namna, picha hiyo ina thamani kubwa. Lakini jina lake limeandikwa chini kwa herufi kubwa, na jina litameza picha. Nane ya panga inafanya kazi ileile bila zogo: mwanamke amefungwa macho na mwili, panga nane zimechomekwa ardhini kumzunguka, ila kamba zimelegea, miguu haikufungwa na mbele yake hakuna upanga.

Majina kwenye turufu 11 zilizobaki yafunikwe kwa utepe wa karatasi wa upana wa sentimita moja. Gundi ya karatasi inatosha. Hakuna sababu ya mteja kusoma neno la Kiingereza na kuanza kulitafsiri wakati unataka atazame.

Utaratibu unakula dakika 20 katika kikao cha 50, na uanze dakika ya 10 hivi ili ubaki muda wa kutulia baadaye. Kwanza swali, na swali lianze na "mimi": "nafanya nini ninapokasirika", si "kwa nini mama mkwe ananifanyia hivi". Kisha tandaza karata 12 zikiangalia juu, safu tatu za nne nne. Meza ya nusu mita kwa nusu mita inazibeba. Mteja achague mbili kwa macho: moja inayomvuta na moja asiyotaka kuitazama. Apewe dakika moja ya kimya. Ile ya pili ndiyo huwa na chakula zaidi, lakini anza na ya kwanza.

Hatua inayofuata ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenyewe. Dakika mbili kamili aeleze anachokiona tu, bila maana: rangi, mikono ipo wapi, nani anamtazama nani, chini kuna nini. Chukua tano ya vikombe. Mtu wa joho jeusi ameinamisha kichwa, vikombe vitatu vimemwagika mbele yake, viwili vimesimama nyuma, na mbali kuna daraja juu ya mto. Wapo watakaoelezea kila kitu wasiviseme vile viwili. Usimwonyeshe. Andika pembeni kwamba hakuvitaja, umwache aendelee. Akirudi kwenye picha hiyohiyo wiki tatu baadaye akaviona mwenyewe, mna kazi ya kufanya. Ukimwonyesha wewe leo, atakujibu "ahsante" kwa adabu na hakuna kilichohama.

Baada ya kuona, maswali matatu, kwa mpangilio huu: Wewe uko wapi humu? Kabla ya picha hii kulitokea nini? Huyu mtu akisogea hatua moja, anaelekea wapi? Swali la kwanza lina mitego yake, kwani mteja anaweza kuwa mbwa, mto au kikombe, na jibu hilo lipokelewe kama lilivyo. Sita ya panga, yenye mtu anayempeleka mwanamke na mtoto kwa chombo, kwa watu wa visiwa haihitaji maelezo. Ila uliza nani anaendesha chombo. Kumi ya fimbo, mtu aliyebeba mzigo uliomziba macho akielekea mjini, uliza mzigo ni wa nani. Kumi ya fimbo ndiyo karata yangu bora kwenye pakiti nzima, hasa kwa binti mkubwa wa nyumba.

Kisha mwili: anaposema jambo hilo, wapi panabana? Kifua, koo, tumbo? Mwisho aandike mistari mitatu kwa mkono wake, na tarehe. Karata zirudi kwenye mkoba kabla hajainuka. Asipige picha kwa simu. Picha itafika kwenye kundi la familia la WhatsApp na maelezo ya shangazi yatakuwa makubwa kuliko kikao chako.

Tarehe niliyoisema ina kazi. Watu wanauliza hisia ya ndani itaaminika vipi, na wengi wanaouza taroti mtandaoni wanajibu kwamba moyo haukosei. Moyo unakosea sana. Hofu ya zamani inazungumza kwa sauti ileile ya utambuzi, tena kwa haraka zaidi. Kwa hiyo kile mteja alichokihisi kiandikwe kama dhana: "nadhani nanyamaza kazini kwa sababu naogopa kuonekana mjuaji." Wiki ijayo anakuja na mambo mawili au matatu yaliyotokea, mnaona kama dhana imesimama. Isiposimama inafutwa bila msiba. Hilo linamhusu mshauri pia. Ukihisi kitu kuhusu mteja, kiandike kwenye daftari lako, usikiseme kwa kisingizio cha karata.

Kosa kubwa ni hilo la mshauri kutafsiri. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini yameandikwa kwa ajili yake peke yake, kumbe wote walipewa karatasi ileile. Waliyapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kijitabu cha pakiti hii kimejaa sentensi za namna hiyo, na ukizisoma kwa sauti ya upole mteja atakuambia umemgusa. Umemgusa kama Forer alivyowagusa wale 39. Kijitabu nimekitoa kwenye sanduku, na pakiti imekuwa bora. Mteja akiuliza "kwani hii inasema nini?", jibu ni "karatasi haisemi, wewe umeona nini?" Ukishindwa kulisema hilo mara ya tatu bila kuchoka, tumia njia nyingine.

Kosa la pili ni kuongeza karata pale zilizochaguliwa zisipopendeza. Mbili zimechaguliwa, hizo mbili zinafanyiwa kazi. Na karata za kichwa chini, ambazo waaguzi huzipa maana ya kinyume, hazina nafasi hapa. Zigeuze zote kabla ya kutandaza.

Kuna watu wa kutowapa kabisa. Anayesikia sauti, anayeamini ishara za redioni au barabarani zinamlenga, au ambaye siku hizi halali na mawazo yanakimbia: kwake picha itakuwa ujumbe, si kioo. Huyo anahitaji daktari wa akili, na Unguja hospitali ya Kidongo Chekundu ipo kwa kazi hiyo. Mwenye wasiwasi wa kurudiarudia, anayetawadha mara kumi, atataka karata kila siku kwa ajili ya uhakika, na kila karata itamwongezea ugonjwa. Mwenye mawazo ya kujiua usimwekee Mtu Aliyening'inizwa wala tisa ya panga. Kwa kweli siku hiyo usiweke karata yoyote, uliza moja kwa moja na panga usalama wake. Aliye kwenye eda au msiba mbichi mwache alie. Na anayepigwa nyumbani hana haja ya kutafuta yeye yuko wapi kwenye picha.

Usizitumie kupima ugonjwa pia. Hermann Rorschach, daktari wa akili wa Uswisi, alitoa madoa yake 10 ya wino ya kupimia watu mwaka 1921, na ingawa yanabishaniwa hadi leo, yana utaratibu wa kuyahesabia majibu. Taroti haina utaratibu huo.

Kuhusu ubora wa chapa: toleo nililonalo ni karatasi laini iliyopakwa plastiki upande mmoja zaidi ya mwingine, nayo masika inajikunja kama samaki mkavu. Machi hadi Mei karata zinanatana. Dawa ni kopo la bati lenye mfuniko mkali, na ndani yake vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, vinne au vitano, vikibadilishwa kila mwezi. Poda ya mtoto inasaidia kuteleza lakini inafifisha rangi, sirudii. Usitandaze kwenye kioo wala kwenye mkeka wenye nakshi. Kitambaa cheupe kizito ndicho kizuri. Mistari ya Smith ni myembamba, na mteja aliyevuka miaka 50 bila miwani hataona uso.

Kwa hilo kuna njia nyepesi. Smith alifariki 1951, na Uingereza haki za picha zake ziliisha mwishoni mwa 2021, kwa hiyo michoro ya 1909 inaweza kuchapwa upya. Matoleo yaliyotiwa rangi mpya ndiyo yenye wenyewe. Chapa zile 42 tu, ukubwa wa A5, kwenye karatasi nene, uzipitishe kwenye plastiki ya moto. Hata majina unaweza kuyakata kabla. Kwa A5, karata sita zinatosha meza moja, si kumi na mbili.

Na kwa mteja aliyesema moyo wake hautaki, kanga zinafanya karibu kazi ileile. Chukua sita, zikunjwe ili jina lisionekane, achague kwa rangi na mchoro, aeleze anachokiona, ndipo mkunjue msome jina na umuulize kama anakubaliana nalo au analipinga. Ziwe zimefuliwa angalau mara moja. Kanga mpya ina wanga, haikunjiki vizuri na jina linachungulia.