Mpira bapa wa mazoezi: kifaa cha mume na mke waliopita miaka 60

Duka la vifaa vya michezo litakuonyesha aina tatu za mipira ya kuvuta: pete fupi za kuvaa mapajani, mirija yenye vishikio, na mpira bapa mrefu. Kwa wazee wawili sebuleni, chukueni bapa wa mita 2. Pete haiwatoshi watu wawili, na ndoano ya mrija ikifyatuka huruka na chuma chake.

Rangi huonyesha ugumu, ila kila kampuni ina mpangilio wake. Kwa chapa ya TheraBand, ukivutwa hadi urefu uwe maradufu, mwekundu hudai takriban kilo 1.7, kijani 2.1, bluu 2.6. Anzeni na mwekundu.

Zoezi lake bora ni kuvutana mkiwa mmekaa. Wekeni viti viwili uso kwa uso, nyayo zenu zigusane, kila mmoja ashike ncha yake, mpira uwe umenyooka bila kulegea. Vuteni viwiko hadi ubavuni kwa hesabu ya 2 mkitoa pumzi, rudisheni kwa hesabu ya 4. Mara 10 hadi 12, mizunguko 2, siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana. Msibane pumzi, presha hupanda ghafla.

Wengi hukosea hapa: hudhani mwenye nguvu anapata kazi zaidi. Hapana, mpira mmoja huvuta sawa pande zote mbili. Basi aliye dhaifu ashike kwa mikono miwili, mwenzake kwa mmoja. Mkono huo utabeba mara mbili ya kila mkono wa mwenziwe. Kati ya mizunguko abadili mkono.

Kiti cha plastiki kwenye vigae huteleza kwenda mbele, kwa hiyo kukiegemeza ukutani hakusaidii kitu. Tumieni cha mbao, kizito. Na asiachie mtu ghafla: mpira utamchapa mwenzake jichoni. Inameni mbele kwanza, ulegee, ndipo muachie.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haufundishi mizani ya mwili, na wazee huumizwa zaidi na kuanguka. Ongezeni kusimama kwa mguu mmoja mkishika meza, pamoja na matembezi.

Mafuta ya nazi mikononi huula mpira, jua vilevile. Osheni kwa maji na sabuni kidogo, ukaushwe kivulini, upakwe poda. Kabla ya kila zoezi unyosheni mbele ya dirisha. Mkiona kitobo au ufa, hata mdogo, hautibiki.