Sabuni, jeli au ya kupulizia: kipi ununue Tanga kwa ajili ya mikono

Kwenye duka letu la dawa muhimu hapa Ngamiani wateja huja na maswali mawili yanayogongana. Mama mmoja anashika chupa ya sanitaiza na kuuliza, "Dada, hii si inaua kinga ya mtoto?" Anayemfuata kwenye foleni anataka kujua ipi inaongeza kinga. Siwezi kumwacha yeyote kati yao atoe hela kabla hajapata jibu, maana hela hiyo hiyo ingeweza kununua kitu cha maana zaidi. Nimevipanga hapa vinavyouzwa mjini kwetu kwa ajili ya mikono, kuanzia kile ninachomwambia kila mtu anunue mpaka kile ninachomsihi asikiguse.

1. Mche wa sabuni na ndoo yenye koki

Sabuni ya mche, ile inayokatwa vipande na kuuzwa gengeni kuanzia Makorora hadi Pongwe, inashika nafasi ya kwanza na hakuna kinachoikaribia. Chembe ya sabuni ina upande mmoja unaonata kwenye mafuta na mwingine unaonata kwenye maji. Ukisugua, inang'oa uchafu pamoja na vijidudu vilivyojishikiza humo, kisha maji yanaondoka navyo. Virusi vyenye utando wa mafuta, kama vya mafua na vya corona, sabuni inavipasua kabisa. Mayai ya minyoo na virusi vya kuhara kama norovirus, ambavyo alkoholi haivimudu vizuri, vinasombwa na kumwagika chini. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba kunawa kwa sabuni kunapunguza kuhara kwa takriban theluthi moja, na hakuna chupa kwenye rafu yetu inayofanya kazi hiyo kwa bei ya kipande cha sabuni.

Kinachoharibu kazi ya sabuni majumbani ni beseni. Pwani tunakula kwa mkono, na bado kuna nyumba ambazo bakuli moja la kunawia linazungushwa mkekani. Wa kwanza ananawa maji safi, wa tano ananawa yaliyotoka kwenye mikono ya wanne. Wazee wetu walikuwa na birika: kijana anammiminia mgeni, maji yanaishia kwenye karai. Walikuwa sahihi, na mabwana afya wanapohimiza maji tiririka wanahimiza hilo hilo. Kwa hiyo fungu la pili la hela yako linunue ndoo yenye koki, uiweke karibu na choo. Ukiweza ya pili, iwe jikoni. Asiyeweza atengeneze kibuyu chirizi: dumu la lita 5 linatobolewa karibu na mdomo, linaning'inizwa kwa kamba, na kamba nyingine inafungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Kinatumia maji kidogo sana, na mkono haugusi kitu zaidi ya sabuni. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoani, Tanga ikiwemo, na ugonjwa ule unapita mdomoni kutoka kwenye kinyesi cha mtu mwingine. Koki na sabuni ni sehemu ya ukuta wake. Ndoo zilizojaa milangoni mwa maduka mwaka 2020 nyingi sasa ni kavu, na naumia kila ninapozipita.

Sugua kwa sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Udhu ni usafi mkubwa, lakini mtu akitoka chooni bado anahitaji sabuni kwanza. Kipande kikae kwenye kisahani chenye matundu kisigeuke rojo. Sabuni ya maji ya kupimiwa mtaani nayo inafaa ikiwa ina utelezi na inatoa povu. Ila usiwe unaongezea juu ya mabaki ya zamani, maana bakteria huweza kuzaliana kwenye chupa ya namna hiyo. Ioshe, ikauke, ndipo ujaze.

2. Jeli yenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi

Hii ni ya pale ambapo maji hayapo: ndani ya basi kutoka stendi ya Kange kwenda Dar, kwenye bodaboda, au ukienda kumtazama mgonjwa hospitali ya Bombo. Sehemu hizo jeli nzuri inafanya kazi kwelikweli, na hospitalini ndiyo inayotegemewa kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Soma lebo kabla hujanusa. Tafuta neno ethanoli au isopropili na asilimia yake. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinataka isipungue 60. Michanganyiko miwili iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani ina ethanoli asilimia 80 au isopropili asilimia 75, pamoja na gliserini kidogo ya kulinda ngozi. Wengine wanadhani asilimia 100 ingekuwa bora zaidi. Sivyo. Alkoholi inaua kwa kuharibu protini za kijidudu, na kazi hiyo inahitaji maji kidogo. Ikiwa kavu mno inaruka hewani kabla haijamaliza. Chupa isiyotaja asilimia irudishe kwenye rafu, hata ikiwa na picha ya ngao na msalaba. Angalia pia nembo ya TBS, jina la kiwanda na tarehe ya mwisho.

Maneno "inaua asilimia 99.9" yasikupumbaze. Yanatokana na vipimo vya maabara, na hata huko, ukianza na vijidudu milioni moja, asilimia 0.1 inayobaki ni elfu moja.

Kiasi ndicho watu wanachokosea zaidi. Tone moja katikati ya kiganja halitoshi. Inahitajika kama mililita 3, mikono yote ilowe, usugue mpaka ikauke yenyewe bila kujifutia kanga. Piga hesabu: chupa ya mililita 50 inakupa kama mara 16 tu. Anayetumia kila siku anunue chupa kubwa ya nusu lita, aimimine kidogo kidogo kwenye ile ndogo.

Kwa mikono yenye shahamu jeli haina msaada mkubwa. Aliyetoka kupaa samaki kwenye soko la Deep Sea, aliyekanda unga wa mahamri, aliyemaliza wali wa nazi, wote hao warudi namba moja.

Kuna wateja Waislamu wanaoniuliza kwa sauti ya chini kuhusu pombe iliyomo. Mwaka 2002, katika kikao chake cha Makka, Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu duniani, liliruhusu alkoholi itumike nje ya mwili kuua vijidudu na kusafisha vidonda. Mwenye shaka bado amuulize sheikh wake, na sabuni ipo ikimsubiri.

Je, vinaua kinga?

Hofu hii ina asili yake. Mwaka 1989 David Strachan, mtafiti wa Uingereza, aliandika kwamba watoto waliozaliwa wakiwa na kaka na dada wengi waliowatangulia walipata mafua ya mzio kwa uchache kuliko wengine. Akahisi kwamba labda maambukizi ya utotoni yanawakinga. Wazo hilo likaenea duniani, na likafika kwetu likiwa limebadilika sura: mwache mtoto ale uchafu, atakuwa imara.

Watafiti waliofuata walilirekebisha. Mwaka 2003 Graham Rook alieleza kwamba mwili unahitaji kukutana na wale aliowaita marafiki wa zamani, yaani vijidudu vya udongo, vya wanyama na vya mama mzazi, ambao binadamu ameishi nao tangu kale na ambao hufundisha kinga isishambulie hovyo. Kipindupindu hakimo kwenye orodha hiyo, wala homa ya matumbo. Mtoto acheze mchangani Raskazone, afuge kuku, alale na ndugu zake. Akitoka chooni na kabla ya kula, anawe. Hapo hajapoteza rafiki yeyote.

Tena tazama upande wa pili. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hapati virutubisho vya chakula anachokula. Anakonda, na utapiamlo unadhoofisha kinga yenyewe, kisha anaharisha tena. Nimewaona wengi wakiletwa dukani na mama zao kutafuta chumvichumvi za kuchanganya na maji. Uchafu wa chooni haujamwimarisha hata mmoja wao.

Anayetaka kuongeza kinga namwambia wazi kwamba hakuna sanitaiza inayofanya hivyo, na lebo ikisema inafanya, hiyo pekee ni sababu ya kutoinunua. Kinga ya mtoto inaanza na maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, yenye kingamwili zake. Inaendelea kwa chakula, usingizi na chanjo za kliniki ambazo hazilipiwi. Mkoa wetu una haki ya kujivunia hapa: Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ni miongoni mwa sehemu ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio yake makubwa, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto. Hivyo ndivyo kinga inavyofunzwa.

Lipo jambo moja la kweli ndani ya ile hofu. Ngozi ni sehemu ya kinga, na alkoholi ikitumika mno inaikausha mpaka inapasuka, na mpasuko ni mlango. Mama ntilie na wauguzi wanalijua hili. Paka mafuta ya nazi jioni, na pale maji yalipo usitumie jeli.

3. Ya kupulizia

Nguvu yake ni ile ile ikiwa asilimia ni ile ile. Naiweka chini ya jeli kwa kuwa nyingi inaishia hewani na mikono hailowi sawasawa. Kwenye kaunta ya duka inafaa, na vitasa vya mlango inavifikia vizuri.

4. Sabuni za "kuua vijidudu"

Zinauzwa ghali kuliko mche, na watu wanazinunua kwa kuogopa. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizuia viambato 19 kwenye sabuni za kunawia, triklosani ikiwa mmojawapo, baada ya watengenezaji kushindwa kuonyesha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji. Ukiipenda harufu yake nunua. Inasafisha kama sabuni yoyote.

5. Zisizo na alkoholi

Nyingi zina kemikali iitwayo benzalkoniamu kloridi. Hazikaushi ngozi sana na haziwaki moto, lakini haziaminiki kwa aina zote za vijidudu kama alkoholi ya kutosha. Nawauzia wanaokataa alkoholi kabisa, baada ya kuwaeleza hivyo.

6. Tishu zenye unyevu

Zinafuta vumbi na jasho. Kama mbadala wa kunawa, ruka.

Usivinunue kwa ajili ya mikono

Chupa isiyo na lebo inayopitishwa mkononi sokoni, iache. Inaweza kuwa na methanoli, ambayo inapita kwenye ngozi na ikinywewa inapofusha na kuua. Mwaka 2020 Marekani yalitokea hayo kwa watu waliokunywa vitakasa mikono vyenye methanoli. Spiriti ya kuwashia moto nayo mara nyingi ina methanoli ndani yake. Pombe kali za chupa zina alkoholi ya asilimia kama 35 hadi 43, haifiki kiwango. Gongo hakuna ajuaye ina nini. Na dawa ya kuondoa madoa ya nguo (jiki) ni ya nguo, sakafu na choo; mikononi inaunguza.

Jeli na ya kupulizia zinashika moto haraka. Usizipake ukiwa unachochea jiko la mkaa, subiri mikono ikauke kabisa, na usiziache juani kwenye bajaji. Ziwekwe mahali ambapo mtoto hafiki, hasa zile za rangi na harufu ya matunda. Akiinywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali mkiwa na chupa yenyewe, ili daktari asome kilichomo.